Semina ya siku moja kwa walimu haitoshi, na msiwaache mlinzi na mpishi

Waalaykumu salaam maalim. Umesema skuli yenu ina watoto waliofiwa na wengine waliofanyiwa udhalilishaji, mnataka kuwapa walimu semina ya siku moja, unauliza muweke mada gani. Mie nasomesha Pemba tangu kabla ya meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikija huku kutoka Unguja, kuzama Septemba 2011, baada ya msiba ule madarasani walibaki watoto waliopoteza mama na ndugu usiku mmoja. Semina ilikuja, tukaoneshwa slaidi, tukala chakula, kesho yake anaechelewa getini anakula bakora kama kawaida, na anaechelewa mara nyingi ndo yule hakulala usiku. Kwa hiyo anzeni na hilo la bakora kabla ya mada yoyote.

Kilichokuja kutusaidia ni kuigiza. Mwalimu mmoja anakuwa mtoto kalaza kichwa mezani haandiki, mwengine anamsomesha, sie tunaangalia. Wengi wetu tunapaza sauti, "we una nini?", mbele ya darasa zima. Sasa mtoto aliyepatwa na jambo zito kama msiba au udhalilishaji, mwili wake unakaa tayari kwa hatari hata pakiwa shwari, mlango ukibamiza au upepo wa kusi ukivuma anashtuka, moyo unaenda mbio, hapo ukimkaripia hesabu haiingii kabisa. Unamsogelea taratibu, sauti ya chini, unamwambia nimekuona leo hujaandika, utakaa hapa au utoke upate hewa kidogo? Achague yeye. Ni maneno mepesi lakini bila kuyafanyia mazoezi hayatoki mdomoni ukiwa na watoto wengi mbele yako, wallahi, kwa hiyo mkutane kila mwezi hata nusu saa baada ya vipindi, mtu alete kisa chake bila kutaja jina la mtoto.

Na waiteni wote jamani. Mpishi ndo anaejua nani anaficha chakula apeleke nyumbani, mlinzi anajua nani hataki kurudi kwao saa ya kutoka. Ustadh wa chuoni, yaani madrasa, pia, maana jioni watoto ni wale wale.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, mambo matatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Kwenye kusikiliza, mwalimu asimhoji mtoto, asimlazimishe kusimulia, akisema asikilizwe basi. Na asimuahidi siri asoweza kuitunza. Kwenye kuunganisha, yaani kumfikisha mtoto kwa wanaoweza kumsaidia, ndo tunapoharibu, kesi ya udhalilishaji inafika kwa mwalimu, wazee wanakuja, inamalizwa kifamilia kwa muhali, watu wanaoneana haya, na mtoto anarudishwa nyumba ile ile. Hapana! Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ipo tangu 2011, vituo vya Mkono kwa Mkono vya kuwasaidia waliodhalilishwa vipo hospitali, humo polisi na ustawi wa jamii wako pamoja, na namba ya simu 116 ya mtoto ni bure. Bandikeni ofisini kila mtu aione.

Halafu muulizane nyinyi wenyewe mko vipi, walimu nao wamefiwa na bahari hii hii, mtu anaebeba lake hana subira na la mtoto. Mwalimu mkuu asije kufungua tu akaondoka, akae mpaka mwisho na aigize na yeye, walimu wanamtazama yeye kujua kama bakora kweli imewekwa chini.