Mwanangu, kuhusu huo mtungi wa gesi

Mwanangu, meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili na ya tatu nimejizuia, utaelewa mbele kwa nini. Unasema unafika mpaka kituoni daladala ishakuja alafu unarudi nyumbani kuangalia kama umefunga gesi, siku hizi unapiga na picha lakini ukiitazama ukiwa ofisini bado huiamini. Unaniuliza ndo umerithi ule ugonjwa wangu wa wasiwasi? na mimi nlitokaje?

Kurithi kupo, mzazi akiwa nao uwezekano kwa mtoto unapanda, ila sio lazima, kwaiyo usijipe ugonjwa kabla daktari hajakuona.

Unakumbuka nlivyokuwa na udhu? Bomba linamwagika nusu saa, mkono nimeosha, hapana sijaosha, naanza upya, vidole vishakunjamana imamu keshatoa salamu mi bado niko kwenye kiwiko cha kulia. Watu wakasema baba yenu mcha Mungu. Ucha Mungu gani, ilikuwa hofu tupu. Sheikh mmoja ndo akanikalisha chini akanambia huu ni wasiwasi, Mtume alikuwa anatawadha kwa mudi moja ya maji, haifiki hata lita, na wasiwasi ukiufata haushibi. Hospitali nako wakanambia mambo hayo hayo, wao wakaita OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayokuja bila kutaka na kukusukuma kurudia kitendo kile kile.

Nlipewa sertralini, dawa ya sonona inayotumika na kwa OCD. Wiki ya sita sioni kitu nkataka kuacha, daktari akasema kwa ugonjwa huu inaweza kuchukua mpaka miezi mitatu, na dozi mara nyingi inapanda kuliko ya mtu mwenye sonona, nisiikate ghafla. Kweli ikapunguza kelele kichwani. Lakini kilichonitoa hasa ni yale mazoezi ya mwanasaikolojia: kopo moja la maji, idadi ya kuosha ni ile ya sunna haizidi, alafu naondoka bila kurudi. We siku ya kwanza nimesimama kwenye safu moyo unadunda kama nimeiba sadaka, jasho mgongoni, miguu inataka bomba, sikwenda. Rakaa ya tatu nkasikia inashuka yenyewe. Kesho yake tena, kesho kutwa tena, miezi.

Mama yako naye alipewa kazi yake, na ilikuwa ngumu kuliko yangu. Kila nkimuuliza "nimeosha?" alikuwa anajibu "umeosha mume wangu", kwa huruma tu. Akakatazwa, mana jibu lile linatuliza dakika tano alafu ugonjwa unarudi kudai lingine. Siku ya kwanza kuninyamazia alikwenda kulia jikoni.

Sasa ile picha ya mtungi ulonitumia leo asubuhi, "baba angalia imezima eti?", nimeiona. Sijakasirika, ila siijibu, na kesho ukituma sijibu. Tafuta kliniki ya afya ya akili hapo Dar wiki hii, nauli ntakurushia Ijumaa.

Baba