Kulipia mboga kabla hazijaota

*Shikamoo anti. Niko Sakina hapa Arusha, nyumbani tuko wanne. Kuna kaka analima Tengeru, kaja kupitia jirani yangu, anataka tumlipe hela ya miezi mitatu kwa mkupuo halafu kila Jumamosi atuletee kikapu cha mboga. Elfu 15 kikapu, yani laki na themanini yote. Mume wangu anasema huo ni upatu wa mchicha na soko la Kilombero halijahama. Mi natamani ila naogopa. Nifanyeje? – Mama Junior*

Marahaba Mama Junior. Upatu wa mchicha! Nimecheka mpaka chai imepoa, ila baba Junior usimpuuze.

Mtindo wenyewe sio utapeli, Wajapani wanao tangu miaka ya 70 wanauita teikei na Marekani umeanza 1986. Mkulima hela anaihitaji wakati wa mbegu na mbolea, sasa asipokuwa nayo anakopa kwa dalali, na dalali ndo anakuja kupanga bei mboga ikikomaa. Nyie mkitangulia kulipa anapumua, na mnakula kitu kimekatwa asubuhi hiyo hiyo. Lakini ukishalipa ujue na wewe umelima. Masika ikipiga nyanya zikaoza, au yule mdudu wa nyanya, kantangaze, akaingia, kikapu kitakuja chepesi na huyo kaka hana kosa. Kama hilo litakuuma we endelea na Kilombero, hamna dhambi.

Mimi nilishalipa hivyo mwaka mmoja. Wiki ya tatu nikaletewa kabichi tatu na loshuu, ile mboga ya majani, ya kulisha harusi, nyanya hata moja hamna, tukala loshuu mpaka mwanangu akaniuliza mama kwani tumeanza kufuga mbuzi? Na kilichoniudhi sio loshuu jamani, ni kwamba kijana alikaa kimya, mpaka nampigia mimi ndo ananiambia nyanya zimeungua na baridi.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata mia, panda kifodi nenda Tengeru ukalione shamba, nenda Jumamosi maana ni siku ya soko hutarudi mikono mitupu. Usiangalie ukijani tu, maana mchicha wowote unapendeza kwa mbali. Angalia umri wa mboga. Shamba la vikapu linatakiwa liwe na kitalu, na tuta lenye miche midogo, na jingine linalovunwa leo, kwa sababu mchicha ni wiki tatu nne tu umeshavunwa, ukikuta shamba zima mboga zina urefu mmoja basi wiki ya sita utaletewa salamu. Sukuma wiki ndo mvumilivu, unachuma majani ya chini linaendelea miezi. Halafu muulize maji, kama ni ya mfereji zamu yake siku gani, na wenzake wa juu wakiyafunga anafanyaje.

Ukiridhika mwambie utaanza na mwezi mmoja, elfu 60, akikataa kabisa hapo na mimi nitaanza kumsikiliza baba Junior. Muandikiane hata kwenye karatasi ya daftari, mkisafiri kikapu kinasogezwa mbele au kimeliwa, na mboga ikikosekana anakuambia lini. Na kama nyie ni watu wa ugali na maharage siku nne kwa wiki, chukua kikapu kimoja na huyo jirani mgawane, mboga kuozea ndani inauma kuliko kuibiwa.

Kikifika usioshe majani, yafunge kwenye gazeti uoshe siku ya kupika. Mnafu chemsha, mwaga maji, kaanga na kitunguu kingi halafu mimina maziwa mwishoni, hata asiyeupenda atachovya.

*Anti, hizi mboga za vikapu ni kweli hazina dawa? – Msomaji, Majengo, Moshi*

Nani kakwambia? Kulipa mapema ni habari ya hela, dawa ni habari nyingine kabisa, wapo wanaopiga na wapo wasiopiga. Muulize amepiga lini mara ya mwisho halafu mwombe akuonyeshe kopo, pale pameandikwa usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Akikwambia kopo alishalitupa na amepiga juzi, mshukuru kwa maji ya kunywa urudi zako mjini.