Bakteria hawa au bakteria hizi?

SWALI: Wanafunzi wa chama cha sayansi shuleni kwetu, hapa Nairobi, wameandika bango la kubandika kwenye gereji za Grogan: "Bakteria hizi zinayeyusha oili iliyomwagika udongoni." Nikawasahihisha: "Bakteria hawa wanayeyusha." Wamekataa, eti bakteria si mnyama. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Eastlands)

JIBU: Kwa upande wa ngeli, mwalimu, umepata. Bakteria ni kiumbe hai, na Kiswahili sanifu hakimwulizi kiumbe kama ana macho kabla ya kumpa upatanisho wa A-WA: bakteria huyu, bakteria hawa, bakteria wa udongoni. Wakitaka vi-, waandike "vijidudu hivi", kwa kuwa nomino ya udogo hupatana kwa KI-VI. Hiyo "hizi" naisikia kila siku kwenye matatu, sambamba na "vitu zangu". Mtaani hainisumbui, bangoni inanisumbua. Wapo pia wanaoandika "bakteria hula oili": hu- haionyeshi ngeli, basi mwandishi kaponea hapo. Ujanja halali.

Ila mmegombania kiambishi mkakisahau kitenzi, na kosa kubwa liko huko. Fundi akisugua grisi mikononi kwa mafuta taa, grisi huyeyuka, lakini ni grisi ileile, imehamia tu kwenye kitambaa. Bakteria kama Pseudomonas na Rhodococcus hufanya jambo jingine kabisa: kwa vimeng'enya vyao (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) hupachika oksijeni kwenye molekuli ya haidrokaboni, yaani kaboni na hidrojeni zilizoungana, ndizo zinazounda oili, kisha huikata kipande kwa kipande ili wapate nishati na kaboni ya kujijenga. Kazi ikikamilika, hubaki kaboni dioksidi na maji, na bakteria zaidi. Kitenzi chake ni kumeng'enya, au kuvunjavunja kama wasomaji ni mafundi. "Kuozesha" siikatai, ila humpeleka msomaji kwenye maganda ya ndizi.

Tena bango lisiahidi miujiza. Minyororo mifupi ya haidrokaboni huvunjwa upesi. Molekuli zenye pete nyingi za kaboni hukawia mno. Na udongo wa gereji, ulioshindiliwa na magari, hauna hewa ya kutosha, ilhali bakteria hao wanahitaji oksijeni, pamoja na nitrojeni na fosforasi.

Mimi ningeandika: "Bakteria hawa wanavunjavunja oili udongoni, lakini polepole. Usimwage zaidi." Ile zi- wanayoing'ang'ania waipeleke kwenye haidrokaboni: haidrokaboni zinavunjwa.