Pikapu kukata nguvu ukiwa na tela: usinunue turbo kabla hujaona presha ya reli ya mafuta

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ni kama umeandika habari yangu ya mwaka juzi. Unasema pikapu yako ya dizeli ya 2018 ikiwa tupu haina shida yoyote, ila ukifunga tela la boti kutoka Mbweni kwenda Bagamoyo, ukishapita Bunju inakata nguvu ghafla, haivuki kilomita 40 kwa saa na taa ya injini inawaka. Ukizima dakika chache ukawasha tena, inarudi vizuri tu. Fundi kakwambia turbo, ile mashine inayosukuma upepo ndani ya injini, imekufa, ulete milioni mbili na nusu.

Hiyo hela usiitoe kwanza. Turbo iliyokufa haifufuki kwa kuzungusha ufunguo.

Mimi nakodisha majenereta kwenye sherehe. Kubwa nililonalo ni la kVA 60, liko juu ya tela, na ukijumlisha vyote ni karibu tani mbili. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka umeme kwenye harusi Kisarawe. Tulipoanza kupanda kilima baada ya Pugu Kajiungeni, gari likakata kama mtu kalishika breki. Mguu uko sakafuni, mshale wa resi umegoma kwenye 2,000, nyuma yangu malori yanapiga honi. Kijana wangu akaruka chini kutia jiwe nyuma ya tairi la tela, mimi nimeshika breki kwa miguu miwili. Nikazima, nikahesabu mpaka mia, nikawasha. Likapanda hadi Kisarawe bila tatizo.

Gereji ya kwanza nilijibiwa kama wewe: "Bosi, hapa turbo." Nikafungiwa turbo ya mtumba kwa milioni 1.8. Wiki mbili baadaye, kilima kilekile, hali ileile. Ile turbo yangu ya mwanzo ninayo hadi leo, shafti yake haijalegea hata kidogo. Inaniuma kila nikiiona.

Sasa kwa nini inatokea ukiwa na mzigo tu? Hizi injini za komoni reli si kama dizeli za zamani tulizokulia nazo. Zile za zamani noozeli, yaani mdomo unaopuliza mafuta ndani ya injini, ilifunguka kwa presha ya baa 150 hivi (baa ni kipimo cha presha), na mafuta yakipungua gari lilichoka polepole, likatoa moshi, likakohoa, ukajua. Hizi za sasa pampu inasukuma mafuta kwenye bomba moja nene, ndiyo reli, na ukikanyaga ukiwa na mzigo presha inaweza kufika baa 1,600, nyingine zinavuka 2,000. Kompyuta ya gari inaagiza presha fulani, halafu sensa, yaani kipima presha, iliyoko kwenye reli inarudisha jibu la presha iliyopatikana. Jibu likiwa pungufu kwa sekunde chache, kompyuta inahukumu kwamba kuna hatari, inapunguza mafuta na upepo wa turbo, inakuachia nguvu ya kujikokota mpaka pembeni. Gari linajilinda. Ukizima na kuwasha linaanza hesabu upya, ndiyo maana unaona limepona. Ukiwa mtupu injini inakunywa mafuta kidogo, hata njia ikiwa imebanwa nusu yanatosha. Ukifunga boti, hayatoshi.

Aliyenifungua macho ni fundi pampu mmoja wa Tabata, mtu mzima. Nilimpelekea gari nikamweleza kwamba limepimwa kwa mashine gereji mbili. Akaniuliza, "Likipimwa lilikuwa na mzigo?" Nikamwambia hapana, lilikuwa limesimama gereji. Akasema, "Basi mwanangu, hujalipima."

Tukafunga jenereta, akakaa pembeni yangu na mashine mapajani, tukaenda Pugu. Kwenye skrini aliweka mistari miwili tu: presha inayoagizwa na presha inayopatikana. Likiwa linaunguruma tu bila kukanyagwa, zote mbili 350. Tambarare ya Gongo la Mboto zinafuatana kama kumbikumbi. Tulipoanza kupanda, inayoagizwa ikaenda 1,500, inayopatikana ikafika 1,300, ikasimama, halafu ikaanza kushuka: 1,200, 1,100, 980. Hapo taa ikawaka na nguvu ikakata. Kodi ya hitilafu iliyotoka kwenye mashine ni P0087, maana yake presha ya reli iko chini. Upepo wa turbo muda wote ulikuwa kama ulivyoagizwa. Nilinyamaza, nikaikumbuka ile milioni 1.8.

Hapa ndipo wengi wanaruka moja kwa moja hadi pampu, na pampu ni bei ya kulia. Mzee hakuruka. Alianza nyuma. Alibadilisha chujio la dizeli, tukaona nafuu ya siku kumi, tatizo likarudi. Ndipo akakata njia ya mpira mweusi kati ya tangi na chujio, ule upande wa mafuta yanayonyonywa kwa presha ndogo, akaunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani. Akaniambia nipige resi. Kama ungeonekana mnyororo wa mapovu, ingekuwa hewa inaingia kwenye kiungo. Mapovu hayakuwepo. Mpira wenyewe ulibonyea, ukaingia ndani kama mashavu ya mtoto anayevuta uji kwa mrija. Pampu ilikuwa inanyonya kwa nguvu zake zote, huko nyuma kuna kitu kimeziba.

Tangi likashushwa. Kile kichujio kidogo cha kwenye mdomo wa kunyonyea kilikuwa kimefunikwa na kitu cheusi cha utelezi, ukikigusa kinavutika kama ute wa bamia. Chini ya tangi kulikuwa na maji kama nusu lita na nyuzi za kiroba. Kile cheusi ni vijidudu. Vinaota pale maji yanapokutana na dizeli. Na maji niliyapeleka mimi: kila sherehe ikiisha, dizeli iliyobaki kwenye jenereta tulikuwa tunaimimina kwenye madumu, halafu kwenye pikapu, kwa faneli iliyotandikwa kipande cha kiroba. Jenereta linalala nje, mvua za masika zinalikuta, mfuniko wake hauzibi vizuri. Kusafisha tangi na njia zote 120,000, chujio jipya 85,000. Baada ya hapo, Pugu na jenereta lilelile, presha inayopatikana haiachani na inayoagizwa kwa zaidi ya baa 30.

Kwako boti iko karibu na maji ya chumvi na najua watu wa boti nao wanashika madumu sana. Jiulize hilo. Pia jiulize kama unajaza kituo kilekile kila mara. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubana uchakachuaji, lakini vinasaba haviyatoi maji yaliyoingia kwenye tangi la chini ya ardhi mvua ikinyesha. Chini ya chujio lako kuna skrubu ya kutolea maji. Fungua, kinga kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, acha itulie. Maji yatakaa chini ukiyaona kwa macho.

Ikiwa presha ya reli itafuatana vizuri na bado linakata, hapo hamia kwenye upepo. Kodi ya P0299 ni upepo kuwa pungufu, na mara nyingi kosa si turbo bali mpira unaotoka turbo kwenda kwenye rejeta ya hewa. Unapasuka upande wa chini usikoonekana, ukiwa mtupu unajibana, ukivuta mzigo unafunguka. Utasikia mluzi, utaona moshi mweusi, na ukipitisha kidole utakuta mafuta ya injini yamechafua sehemu moja. Ni mpira tu. Halafu kuna chujio la moshi. Pikapu zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya au Japani huwa nalo. Linahitaji kuchoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, na foleni ya Mwenge haifikishi joto hilo. Isitoshe magari hayo yalitegemea dizeli ya salfa 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50. Kodi hapo ni P2463 au P2002, na nguvu hairudi kirahisi kwa kuzima. Dalili zako hazifanani na hizo.

Kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani nilinunua Kariakoo 35,000, naona presha kwenye simu. Baadhi ya programu zinaandika kwa megapaskali, zidisha kwa 10 upate baa. Mwache mtu mwingine asome, wewe endesha.

Na jambo moja nakuomba sana, mkuu. Asije fundi yeyote akalegeza bomba la chuma la kwenda noozeli injini ikiwa inaunguruma ili "aone kama mafuta yanafika". Kwenye dizeli za zamani walifanya hivyo. Kwa presha hizi, mafuta yanapenya ngozi kama sindano, unaona kitobo kidogo tu na mkono hauumi sana mwanzoni, kumbe ndani unaharibika. Huyo anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata akisema yuko sawa. Nimeona kijana mmoja mtaa wa Gerezani akiwa na spana mkononi tayari, nikamshika mkono.

Jumamosi ukifunga boti, chukua namba tatu: presha inayoagizwa, inayopatikana, na upepo wa turbo, pale pale baada ya Bunju inapokata. Ziweke hapa pamoja na kodi itakayotoka, nitaziangalia jioni hiyohiyo.