Mito kabla ya mimea: maswali yenu

Mimea ilipokuwa bado haijaenea nchi kavu, mito ilikuwaje?

Mingi ilikuwa mipana yenye kina kifupi, maji yakigawanyika katika mikondo iliyoachana na kukutana tena. Tatizo lilikuwa kingo. Mchanga mtupu haushikani, kwa hiyo mafuriko yalikula ukingo kabla ya kuchimba chini. Mto ukitanuka, kina hupungua, nguvu ya kubeba mashapo (mchanga, kokoto na tope) hushuka, na mchanga hutua katikati. Fungu hilo huyasukuma maji pembeni, nayo huanza kula kingo zote mbili. Halafu hapakuwa na kitu cha kuichelewesha mvua, hivyo mafuriko yalipanda na kushuka ghafla.

Hayo yanajulikanaje, na mito yenyewe imekwisha?

Yanasomwa kwenye miamba. Huko Torridon, kaskazini-magharibi mwa Scotland, kuna mchangawe (mwamba wa mchanga ulioshikamana) mwekundu wa takriban miaka bilioni 1. Ukiutazama kwa karibu unaona chembe kubwa, kokoto ndogo, na mistari iliyolala mshazari, mmoja ukiukata mwingine. Tope ni haba mno. Hizo ni alama za mikondo iliyogawanyika. Linganisha na mto unaopindapinda: fungu la ndani ya kona huanza na mchanga mkubwa chini, chembe zikipungua kadiri unavyopanda, na juu yake tope la uwanda wa mafuriko.

Tope hilo ndilo ushahidi ninaoutegemea zaidi. Mwaka 2018 wanajiolojia William McMahon na Neil Davies walilinganisha mamia ya miamba ya mito ya zama mbalimbali, wakakuta kiwango cha tope kiliongezeka zaidi ya mara 10 mimea ilipoingia. Mimea husaidia kuyachakaza mawe yawe udongo wa mfinyanzi, kisha mashina huyapunguza maji kasi ili mfinyanzi utue.

Kwa hiyo mito ya kupindapinda haikuwepo kabisa?

Ilikuwepo, na kauli ya kwamba haikuwepo inafaa iachwe. Mfinyanzi peke yake unaweza kushika ukingo. Katika mabonde makavu ya Nevada, Marekani, vijito visivyo na mimea hupinda vizuri tu, na sayari ya Mirihi ina alama za mito ya namna hiyo. Tofauti ni mwendo: mwaka 2020 watafiti Alessandro Ielpi na Mathieu Lapôtre walionyesha kuwa kona zisizo na mimea huhama haraka takriban mara 10 kuliko zenye mimea.

Mabadiliko yalianza lini?

Hatua kwa hatua. Chembe za uzazi za mimea ya nchi kavu zipo tangu miaka milioni 470 hivi iliyopita, lakini mimea hiyo ya awali haikuwa na mizizi ya kushika ukingo. Misitu ilikuja miaka milioni 390 hivi iliyopita.

Naweza kuwaonyesha wanafunzi?

Ndiyo. Tandaza mchanga kwenye trei ndefu iliyoinamishwa kidogo, mimina maji taratibu upande wa juu, mikondo itagawanyika yenyewe. Kisha nyunyiza mbegu za alfalfa (mmea wa malisho), acha maji machache sana mpaka ziote, ndipo ulete mafuriko mafupi. Rudia. Watafiti Michal Tal na Chris Paola walifanya hivyo katika maabara wakapata mkondo mmoja (2007). Ukiharakisha mafuriko, miche hung'oka kabla mizizi haijashika, na mto hubaki ulivyokuwa.