Kwa mkuu anayekuja kusoma Edmonton, Kanada, Januari na anauliza baridi ya nyuzi -40 watu wanaishije

Mkuu umeuliza swali la msingi, na naona wengi hapo juu wamekujibu "utazoea tu" na "nunua koti zito". Mimi niko Edmonton mwaka wa ngapi sasa, kwetu ni Njombe, na baridi ya Januari 2024 ambayo uwanja wa ndege hapa ulisoma karibu -46 ilinikuta hapahapa. Ngoja nikuandikie kwa kirefu maana chuo chako kinaanza Januari, yaani unashuka kwenye ndege unakutana na mwezi mbaya kuliko yote.

Hilo la kuzoea naomba uliweke pembeni kabisa. Mwili wa binadamu hauzoei -40, iwe umezaliwa Mbagala au umezaliwa hapahapa mkoa wa Alberta, ngozi inaganda tu. Wenyeji wanachotuzidi ni kupanga. Mtu kabla hajafungua mlango anajua atakaa nje dakika ngapi, basi linapita saa ngapi, na lisipokuja ataingia jengo gani kujikinga. Sisi tuliotoka Njombe na Makete tunaijua jalidi ya mwezi wa sita na wa saba, ile inayounguza mahindi na viazi kwa usiku mmoja, ila ile ni baridi ya kuzunguka sifuri. Kutoka sifuri kushuka mpaka -40 ni umbali mkubwa kuliko kutoka Makete usiku wa Julai kwenda Dar mchana wa Februari. Fikiria hilo kwanza ndo utaelewa kwa nini nakuandikia hivi.

Kitu cha kwanza jifunze kusoma utabiri wa hapa. Utaona namba mbili, joto lenyewe na namba ya upepo, na ya kuangalia unapotoka ni ya upepo. Hewa ikiwa -30 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unapoteza joto kama vile ni -46, na serikali ya Kanada inatangaza kwamba kuanzia -40 mpaka -47 kwa namba hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 5 mpaka 10. Ikifika -48 mpaka -54 ni dakika 2 mpaka 5. Dakika tano mkuu ni kusubiri basi moja lililochelewa kidogo tu. Kwa hiyo hatari kubwa haiko kwenye safari ndefu ambayo kila mtu anajiandaa nayo, iko kwenye vile vipande vifupi, kutoka mlangoni mpaka kituoni, kutupa taka, kutafuta funguo umevua glovu.

Nilikuwa nafanya shifti ya usiku kwenye ghala moja, kuna kaka mmoja Mkongo wa Bukavu tulikuwa naye. Siku hiyo basi la alfajiri halikuja, yeye kofia yake ilikuwa ile inayofunika kichwa tu masikio yako nje, akasubiri pale kituoni halafu akaamua kurudi ghalani. Alipoingia akaniambia masikio yalikuwa yanauma sana ila sasa hivi yameacha, yuko poa. Hapo ndo nilipoogopa. Maumivu yakiisha wakati bado uko kwenye baridi maana yake hujapona, neva zimekufa ganzi na nyama inaanza kuganda. Mwili ukiona baridi imezidi unabana mishipa ya damu ya masikio, pua, vidole vya mikono na miguu ili joto libaki kwenye moyo na mapafu na ubongo, sehemu za pembeni zinaachwa zijitegemee.

Na hapa nisikilize vizuri kwa sababu maelezo mengi utakayosoma yameandikwa kwa ngozi nyeupe, wanakwambia ngozi itakuwa nyekundu halafu nyeupe. Kwetu sisi wekundu hauonekani. Sikio la yule kaka lilikuwa limepauka, rangi ya majivu, linang'aa kama limepakwa nta, na ukiligusa ni gumu. Jeshi la Marekani wana rekodi za miaka mingi zinazoonyesha askari weusi wanaumia na baridi mara nyingi kuliko weupe walio kwenye mazingira yaleyale, kwa hiyo usije ukakaa nje eti kwa sababu mwenzako Mkanada bado amesimama pale anavuta sigara.

Tulichofanya: hatukusugua. Kwetu mtu akipata baridi tunamsugua mikono, hapa usithubutu, sehemu iliyoganda ina chembe za barafu ndani ya nyama, ukisugua zinaikata nyama yenyewe. Wala hatukumweka karibu na hita, kwa sababu amekufa ganzi, anaweza kuungua asijue. Tulichukua vitambaa vya maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukiweka kiwiko unayasikia ya moto kidogo tu, kama nyuzi 37 mpaka 39 hivi, tukawa tunaweka na kubadilisha. Damu ilivyoanza kurudi yule mtu mzima alilia machozi, maumivu yanarudi yote kwa mpigo. Tukapiga 811, hiyo ni namba ya manesi wa mkoa usiku na mchana, wakasema aende hospitali. Kesho yake sikio lilitoa malengelenge makubwa. Alipona, ila mpaka leo sikio lile likiguswa na baridi kidogo tu linamuuma. Kitu kingine yule nesi alituambia, kama kuna uwezekano mtu atarudi kuganda tena njiani basi usimyeyushe kwanza, mpeleke sehemu ya joto ya uhakika ndo umpashe, kwa sababu kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi.

Mavazi nitapita haraka maana yameshaandikwa sana. Tabaka la ndani liwe sufu au yale mavazi ya michezo yanayokausha jasho, pamba hapana, ikilowa jasho inabaki na maji na inakunyonya joto. Glovu za vidole vyote pamoja, zile kama mfuko, zina joto kuliko za kutenganisha vidole. Maduka ya mitumba ya hapa yana makoti mazuri sana kwa bei ya mwanafunzi, usione aibu.

Pombe. Jamani hili naomba mniamini, kuna vijana wetu wanadhani konyagi inapasha. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni wakati joto la ndani linakimbia nje, na akili inalegea hujui umekaa nje muda gani. Ukimkuta mtu nje anaongea hovyo, anajikwaa, ametetemeka na sasa ameacha kutetemeka, huyo piga 911 saa hiyohiyo, mwili wake wa ndani umepoa. Akiwa yuko tu nje hana pa kwenda na si dharura ya namna hiyo, piga 211 halafu bonyeza 3, kuna timu inakuja kumchukua usiku na mchana. Iweke hiyo namba kwenye simu kabla hujafika. Mimi nimeshaipiga na walikuja.

Ukinunua gari, utaona waya wa umeme umetokeza mbele kwenye grili. Ni wa hita ya injini, unachomeka kwenye soketi ya parking usiku. Kwenye -30 na chini oili inakuwa nzito mno na betri inakosa nguvu kwa wakati uleule ambao injini inahitaji nguvu zaidi, ndo maana gari lisilochomekwa asubuhi linakataa. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba uliza soketi ya parking ipo na inafanya kazi, nyumba niliyokaa mwanzo soketi zilikuwa zimekufa na mwenye nyumba kila siku anasema fundi anakuja, nusu ya majirani tulikuwa tunachelewa kazini. Tenki lisishuke chini ya nusu, weka blanketi na koleo la kuchotea theluji kwenye buti ya gari. Ukikwama barabarani nje ya mji baki ndani ya gari, usianze kutembea kutafuta msaada, na kabla ya kuwasha injini hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji.

Tumefika kwenye moshi, na hapa nawaambia wote waliohamia huku, siyo muuliza swali peke yake. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba. Nyumba za huku zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, kwa hiyo kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, nayo haitoki, na haina harufu wala rangi, unasinzia tu. Texas Februari 2021 umeme ulipokatika kwenye baridi watu walikufa kwa kuwasha mkaa, jenereta na magari ndani. Hakikisha nyumba ina kile king'ora cha kaboni monoksaidi na betri yake nzima.

Nimekumbuka usiku wa tarehe 13 Januari 2024, Jumamosi. Jioni kwenye saa moja kasoro simu zote ndani ya nyumba zililia kwa pamoja ule mlio wa dharura. Mkoa mzima wa Alberta tuliambiwa umeme unakaribia kuzidiwa, zima kila kisicho cha lazima, usipike kwa oveni, usichaji gari la umeme. Baridi ilikuwa imepandisha matumizi, upepo wa kuendesha mitambo ya umeme ulikuwa mdogo na baadhi ya vituo vinavyozalisha umeme kwa gesi vilikuwa havifanyi kazi. Watu wanasema nyumba zinapashwa na gesi kwa hiyo umeme wa nini, lakini ile mashine ya kupasha nyumba iliyoko besimenti, chumba cha chini ya nyumba, inasukuma hewa ya moto kwa feni ya umeme, umeme ukienda na joto linaenda, na baada ya masaa machache mabomba ya maji yanaanza kuganda na kupasuka. Nilisimama dirishani nikaona nyumba za mtaa wetu zinazima taa moja baada ya nyingine, watu ambao hatujawahi hata kusalimiana. Matumizi yalishuka megawati 150 karibu papo hapo, dakika chache mbele ikafika 200, na umeme haukukatwa. Tulikuwa na familia ya Warundi walioingia mwaka uleule, watoto wadogo, tukawaleta kwetu tukalala wote sebuleni. Sikuwahi kuipenda nchi hii kama usiku ule.

Giza nalo usilidharau. Desemba jua linatoka saa tatu kasoro na saa kumi na robo jioni limezama, na hata likiwaka lipo chini sana. Kuna utafiti wa 1988 uliolinganisha Boston na Edmonton, ukaonyesha hapa kuanzia Oktoba mpaka Machi jua haliwezi kabisa kuitengenezea ngozi vitamini D, na sisi wenye ngozi nyeusi hata kiangazi tunahitaji jua zaidi. Muulize daktari au mfamasia akupe dozi. Ukijiona unalala sana, huna hamu ya kula wala kuongea na mtu, tafuta watu. Kila Jumapili kuna Watanzania, Wakenya na Wakongo wanakutana kula pamoja, njoo hata kama hujisikii.

Kwa siku ya kufika: koti kubwa nunua hapa, usibebe la Kariakoo, ila kwenye begi la mkononi, siyo lile la chini, weka sweta nzito, kofia inayofunika masikio, glovu na soksi mbili, maana mabegi yanachelewa kila siku. Anayekupokea akusubiri ndani, gari lije mlangoni. Ukipata kibali cha kusoma cha mwaka mzima au zaidi jiandikishe bima ya afya ya mkoa wiki hiyohiyo. Na buti uchukue saizi moja juu ya yako, soksi nzito zikibana mguu damu haipiti na vidole vinaganda hata buti liwe la bei gani. Tuma tarehe yako ya kufika inbox, nina koti la ziada.