Maji kwenye wiski ya pipa moja
Ndugu, uliyeuliza kama kutia maji kwenye wiski ya Uskoti ya pipa moja, yaani isiyochanganywa na ya mapipa mengine, ni kuiharibu: wala, tia tu. Nyingi hujazwa chupani na ukali wake wa pipani, bila kupunguzwa kwa maji, mara nyingi kileo asilimia 55 hadi 60, na hapo pua inawaka kabla hujanusa chochote. Onja kwanza ilivyo, funda dogo. Kisha matone mawili matatu ya maji, subiri kidogo, nusa huku mdomo uko wazi. Ikiweka ukungu usishtuke, ni mafuta yake. Haikuchujwa kwa baridi, yaani haikupozwa na kuchujwa ili kuyaondoa. Barafu mimi siitaki, inaua harufu. Ukiipenda, nakili namba ya pipa kwenye lebo, maana pipa la jirani yake, hata la mwaka uleule, laweza kuwa na ladha nyingine kabisa.